Safu ya Matokeo

Kioo namba mia nne na kumi na mbili, Jumanne,
umeme umerudi Mbarara baada ya saa mbili za giza.

Kwanza niliona sarafu.
Ndivyo chembe nyekundu zilivyokuwa: zimelaliana,
moja juu ya moja, vifungu virefu
kama hesabu ya mchuuzi anayefunga duka kwa hofu ya wezi.
Nyuma yake buluu hafifu kioo kizima,
mithili ya maji yaliyosuuziwa shati la shule.

Kisha zile nyingine.
Kiini kimesukumwa pembeni
kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti, hajaambiwa karibu.
Hizi hukaa kambini, ndani ya uboho, zikifua silaha za mwili.
Asubuhi hiyo zilikuwa barabarani,
thelathini na nane katika kila mia,
na hakuna aliyezipa likizo.

Nilihesabu tena. Nikanywa chai. Nikahesabu mara ya tatu.

Fomu ilisema: Erifazi Bamuturaki, miaka hamsini na minne,
mnunuzi wa ndizi, Isingiro.
Mgongo, miezi minne. Kiu. Choo kigumu. Ufizi unatoka damu.
Mkono wa kuume ulivunjika akiinua jerikeni,
nusu tupu,
yeye aliyepakia mikungu kwenye malori miaka thelathini.
Daktari Nalwanga aliongeza kwa wino mwekundu: Figo?
Alama ya kuuliza ilikuwa kubwa kuliko neno.

Vitabu vinasema ugonjwa huu ni nadra.
Nadra ni neno la mtu aliye mbali.
Kwa Kobusingye, bintiye, aliyelala mkekani chini ya kitanda cha wodi,
ulikuwa mmoja kwa mmoja.

Dawa zilianza Ijumaa. Wiki ya tatu nikaletewa kioo chake,
nikazitafuta, nikazikosa karibu zote,
nikapanda ngazi mbio, glavu bado mkononi.
Alikuwa ameketi, anakunywa obushera,
anamgombeza binti kwa bei ya kipumbavu aliyouzia Ruti.
Kalisi imeshuka, akili imerudi, na ubishi wake pamoja nayo.
"Wewe ndiye unayeiangalia damu yangu? Ikoje?"
Nikasema sarafu zimeachana.
Akacheka mpaka akashika mbavu, maana mbavu nazo zilimuuma.
"Basi mimi ni mfanyabiashara wa kwanza
kufurahia fedha zikitawanyika."

Wiki ya tisa zilirudi.
Kioo kile sitakieleza.

Daftari letu lina jalada la kijani.
Miaka kumi na mmoja, majina matano ya ugonjwa huo,
na safu ya mwisho, Matokeo:
amekufa, wiki saba. Amekufa, miezi mitano.
Amekufa kabla ya dawa.
Mwalimu mmoja wa Rukungiri yu hai, mwaka wa tatu;
mstari wake ndio ninaousoma kwanza kila nikifungua.
Bamuturaki: amepotea.
Yaani hakurudi tarehe aliyopewa, na simu haikupokelewa.

Hakupotea. Kabuyanda nzima inajua alipo.
Jumapili nilishuka kwenye bodaboda, nikauliza mara moja tu,
mtoto akanyoosha kidole.
Kobusingye alinipeleka nyuma ya nyumba, kati ya migomba,
udongo bado umeinuka.
Alitaka kurudi nauli ingalipo, akasema.
Akakaa siku kumi na tisa.
Mwishoni midomo ilikuwa ikihesabu,
mikungu au madeni, hawakujua,
na hakuna aliyetaka kumkatiza.

Alinipa mkungu. Nikaubeba hadi barabarani.
Bega liliniuma siku mbili.

Jumatatu nilifungua daftari.
Nikakata neno lile kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado,
nikaandika tarehe.
Ikabaki nafasi ya neno jingine.
Kalamu ikasimama hapo;
mezani kioo kingine kilikuwa kimeshakauka.